Punda wa ami na kidonda kilichogoma kupona

Ukishika njia ya Makunduchi, hapa kwetu Unguja, asubuhi mapema utapishana na magari ya punda yakienda kuchukua mchanga, mawe, kuni na matofali. Watu wengi huangalia mzigo. Mimi siku hizi naangalia miguu na mabega ya punda. Si wachache wenye vidonda: begani pale mkanda unaposugua, kifuani, mgongoni, na zaidi ya yote miguuni, chini ya goti, kwa sababu jiwe la maweni halimwachi mtu wala mnyama. Ukimuuliza mwenyewe atakujibu kwamba punda ndivyo alivyo, kidonda chake ni kidonda ndugu, mwache tu. Jibu hilo linaniuma. Nimekiona kidonda cha namna hiyo kikifunga, na nimeona kwamba kilichokuwa kikikizuia kilijulikana na kilikuwa na dawa.

Ami yangu ana punda dume anayeitwa Kiberiti. Huyo ndiye anayeilisha nyumba. Mwanzoni mwa vuli alijikata mguu wa nyuma, upande wa mbele, juu kidogo ya kifundo, alipokuwa akishuka na mawe ya kujengea. Halikuwa jeraha la kutisha. Damu ilikatika siku ileile na kesho yake alivuta gari. Lakini kufika msimu wa embe, wakati nzi wamejaa kila mahali, jeraha lilikuwa limepanuka, limeinuka juu kuliko ngozi, jekundu, majimaji hayakauki, na kila likiguswa na jani damu inachuruzika. Kiberiti akaanza kuinama kuliuma mwenyewe. Usiku tulikuwa tunamsikia akipiga mguu chini.

Majirani hawakukosa dawa. Kuna aliyeleta mafuta machafu ya injini, kuna aliyeleta majivu ya makumbi, kuna aliyekuja na spiriti, na mwingine na ile dawa ya bluu ya dukani. Kila mmoja alikuwa na kisa cha punda aliyepona. Wote walikuja kwa mapenzi, na wala siwalaumu, kwa sababu kidonda cha juu juu hupona hata ukikipaka nini, kisha sifa inakwenda kwa kilichopakwa. Kidonda kilichokwama hakidanganyiki. Spiriti inaua vijidudu, kweli, lakini inaua pia chembe changa za nyama na ngozi zinazojaribu kuziba shimo. Majivu yanabaki ndani na kuwa uchafu ambao mwili unapaswa kuutoa. Mafuta ya injini yamejaa masizi na chembe za chuma, na punda anayaramba.

Wazee walisema apelekwe baharini akaoshwe. Katika zote, hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli, maana maji yanayotiririka yanaondoa uchafu. Ila maji ya bahari yana chumvi ya karibu gramu 35 kwa lita, na maji yanayopatana na mwili yana gramu 9 tu. Ndiyo maana punda anaruka anapoingizwa kwenye wimbi.

Sheha ndiye aliyetupatia namba ya daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, dada mmoja mpole aliyesomea Sokoine kule Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kidonda hiki kimenishinda."

"Hakijakushinda. Hebu tukiulize kwanza."

Nilidhani atafungua mkoba wake. Hakufungua. Aliuliza maswali mpaka ami akaanza kuchoka. Alijikata lini? Amepakwa nini na nini? Anakula vizuri? Analala wapi? Kinyesi chake mnakitupa wapi? Alipewa dawa ya minyoo lini mara ya mwisho? Kwa hilo la mwisho ami alinyamaza, kwa sababu hajawahi kupewa.

Kisha akaomba maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia chumvi vijiko viwili vidogo visivyojaa kwa kila lita, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kukimwagia kidonda polepole mpaka masalia yote ya dawa zetu yakatoka. Akaniita nije karibu na kuniwashia tochi ya simu. Ndani ya ile nyama nyekundu niliona punje ndogondogo za manjano, ngumu, kama chenga za mchele. Nilikuwa nikikitazama kidonda kile kila siku, lakini chini ya bluu na majivu punje zile hazikuonekana hata moja.

Alitueleza akiwa amechutama palepale. Tumboni mwa punda na farasi kuna aina ya minyoo midogo inayoishi kwenye ukuta wa tumbo. Watoto wake hutoka na kinyesi. Nzi hutaga kwenye kinyesi, na funza wa nzi humeza minyoo hiyo michanga. Funza akigeuka nzi, minyoo ipo ndani yake, inasubiri. Nzi akitua kwenye midomo ya punda, minyoo inashuka, inamezwa, inakwenda tumboni na kukua, na mzunguko unaanza upya. Akitua kwenye jeraha, minyoo inashuka vilevile, lakini hapo imepotea njia. Haiwezi kufika tumboni na haiwezi kukua. Inakaa katika nyama na kuichokoza, na mwili unaipiga vita bila kuimaliza. Zile punje za manjano ni mabaki ya vita hiyo. Na kwa kuwa inawasha, punda anauma kidonda, kinazidi kuwa kibichi, nzi wanazidi kuja.

Nililala na maelezo hayo. Miezi yote ile tulikuwa tunapaka dawa juu, na adui anaingia kila siku kwa mabawa, akitokea kwenye lundo la samadi lililo hatua chache nyuma ya banda.

Daktari hakuishia hapo, na hili nampa heshima yake. Alisema kidonda cha mguu kisichofunga kinaweza kuwa na sababu nyingine, na sababu mbili zinaweza kukaa pamoja. Inawezekana kipande cha jiwe kimebaki ndani. Inawezekana mfupa uligongwa, kibanzi chake kikafa, na mwili hautafunga mlango mpaka kibanzi kile kitoke. Hapo utaona tundu dogo linalotoa usaha, linaziba, linafunguka tena. Akapapasa mfupa wote kwa kidole gumba, hakukuta tundu. Halafu kuna uvimbe wa ngozi unaoletwa na virusi vya chunjua za ng'ombe, ambao kwa farasi, nyumbu na punda ndio uvimbe wa ngozi unaoonekana zaidi kuliko mwingine wowote. Huo ukiukata nusu nusu unaweza kurudi kwa hasira kubwa zaidi. Kwa sababu Kiberiti analala jirani na ng'ombe, daktari alikata kipande kidogo akakitia kwenye kichupa, kiende maabara. Majibu yalirudi kwamba si uvimbe huo.

Siku aliyorudi kuipunguza ile nyama iliyoota, shangazi aliingia ndani asione. Nilibaki kumshika Kiberiti kichwa. Alidungwa dawa ya usingizi mwepesi, akasimama ameinamisha shingo, na daktari akaichonga nyama kwa kisu mpaka ikalingana na ngozi. Damu ilitoka nyingi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa ameshanionya: nyama hiyo ina mishipa tele ya damu lakini haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo inamwaga damu bila kuuma. Farasi ndio wanaoteswa nayo hasa, na farasi wakubwa kuliko wale wafupi, lakini punda naye hasalimiki. Mwili unajaza shimo kwa nyama, inatakiwa isimame inapofika usawa wa ngozi, nayo haisimami. Ikishavuka usawa huo, ngozi changa ya pembeni haiwezi kuupanda mlima, basi inakaa palepale.

Akampa dawa ya minyoo, ivamektini ya kumezesha, kwa kipimo cha uzito alioukadiria kwa utepe kifuani. Akasisitiza tusije tukachukua ile ya sindano ya ng'ombe kwa kuona ni rahisi. Farasi waliodungwa hiyo wamewahi kuvimba vibaya mahali pa sindano kwa vijidudu vinavyooza nyama. Akamchanja pia pepopunda, kwa sababu wanyama wa ukoo huu ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo na jeraha lenye udongo ndilo mlango wake. Hakuna kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kwa mwenye punda kuliko chanjo hiyo.

Baada ya hapo kazi ikawa yetu, na sehemu kubwa ikaniangukia mimi.

Kufunga bandeji ya mguu wa nyuma wa punda kunahitaji adabu. Husimami nyuma. Unasimama ubavuni, mkono mmoja umekaa juu ya nyonga muda wote ili ajue uko wapi, kisha unashuka nao taratibu mpaka mguuni. Na mwenzake lazima awe karibu. Kiberiti anaishi na jike moja, Tausi, na tulipojaribu kumtenga ili tufanye kazi kwa nafasi alikataa majani kutwa nzima. Daktari aliposikia alitukataza kabisa. Punda akiacha kula, mafuta ya mwilini mwake yanamwagikia kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo, kidonda kikiwa kinaendelea vizuri. Tangu hapo Tausi alifungwa hatua moja kutoka kwake, wanapumua pamoja, na Kiberiti akatulia.

Gozi ya zamani haivutwi. Unailowesha kwa yale maji ya chumvi na kusubiri mpaka iachie yenyewe, kwa sababu ukiivuta unabandua na ngozi iliyoota usiku. Kisha unaosha, unakausha pembezoni, unaweka gozi safi iliyopakwa asali. Asali daktari aliikubali, kwa sharti iwe safi, si ile iliyochanganywa na sukari ya dukani, na itumike mwanzoni tu, wakati kidonda bado kina kazi ya kujisafisha. Asali inavuta maji kutoka kwa vijidudu na kuwanyima nafasi. Juu ya gozi pamba nene, juu ya pamba bandeji, imekazwa kiasi cha kidole kupita. Ikilegea inateleza na kusugua. Ikibana sana inaumiza kano, ambazo mahali pale ziko chini ya ngozi tu, hakuna nyama ya kuzikinga. Pembeni ya bandeji, kwenye manyoya, tulipaka mafuta ya mwarobaini kufukuza nzi. Ndani ya kidonda hapana.

Nilichokuwa nakitafuta kila nikifungua ni ukingo. Ngozi mpya inaanza pembeni na kutambaa kuelekea katikati. Ikikauka huioni, lakini kidonda kikiwa kimelowa inajitokeza, utepe mwembamba wa rangi ya waridi iliyofifia, laini, unang'aa. Siku ya kwanza nilipouona nilimwita ami kwa sauti mpaka shangazi akadhani kuna msiba.

Hapa nataka wenye punda na wenye farasi wasome polepole, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye mafuta ya injini. Kwenye mguu wa chini, ukingo ule unatambaa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa siku. Kidonda cha Kiberiti baada ya kuchongwa kilikuwa na upana wa sentimita 4. Kila upande una sentimita 2 za kutambaa. Piga hesabu: siku 200. Kidonda cha mgongoni au ubavuni kina bahati zaidi, kwa sababu ngozi ya huko ina ulegevu, inajivuta yenyewe na kufunga sehemu kubwa ya shimo kabla ngozi mpya haijafanya kazi. Mguuni ngozi imekazwa juu ya mfupa na kano, haina cha kujivuta, damu ni kidogo, na kila hatua inafungua kilichofungwa. Kwa hiyo kidonda cha mguu ambacho kimekaa mwezi na bado kipo, lakini ukingo unaonekana na nyama imelingana, kinapona. Kile ambacho hakina ukingo, kimeinuka, kinanuka au kinawasha, hicho kimekwama, na hakitakwamuka kwa kubadilishiwa dawa ya kupaka.

Lililokuwa gumu kuliko bandeji lilikuwa kumpumzisha. "Mwanangu," ami aliniuliza, "huyu akikaa, tunakula nini?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Kwetu husemwa afe punda, mzigo ufike, na mtu anayesema hivyo mara nyingi ana watoto wanaosubiri mzigo huo ufike. Ndiyo maana siwezi kukaa na wanaowatukana wenye magari ya punda barabarani bila kuwauliza jioni wamekula nini. Tulikaa kama ukoo. Jirani mwenye punda wawili alikubali mmoja avute gari la ami siku kadhaa kwa wiki na wagawane kinachopatikana. Tausi akabeba mizigo myepesi ya karibu. Sisi tulioajiriwa mjini tukachanga kilichopungua. Mkuu mmoja wa msikiti wetu alikumbusha hadithi ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume (S.A.W.) na mwenye ngamia akaulizwa kwa nini anamshindisha njaa na kumchosha. Ami alisikiliza, akafuta uso, na baada ya siku ile hakutaja tena kumfunga Kiberiti kwenye gari kabla ya wakati.

Na samadi. Tuliihamisha yote kutoka nyuma ya banda. Sasa inazolewa kila baada ya siku mbili au tatu, inapelekwa mbali kwenye migomba, inatandazwa juani ikauke au inafukiwa. Joto letu linamfanya nzi amalize safari yake kutoka yai hadi mabawa kwa muda wa wiki moja hivi, basi kinyesi kikiondoka kabla ya hapo, nzi wale hawazaliwi. Kazi hii haina sifa na hakuna anayekuja kuipiga picha, lakini mimi naihesabu kuwa nusu ya tiba. Watu husema nzi hawawezekani. Unguja hii ilikuwa na mbung'o, aliyewatesa ng'ombe wetu kwa malale ya mifugo. Madume ya mbung'o yalizalishwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya misitu yetu, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Nzi wa nyumbani hatutammaliza hivyo, lakini lundo la nyuma ya banda linahitaji koleo na mtu mmoja.

Kidonda cha Kiberiti kilifunga wakati wa kipupwe. Kovu lake halina nywele katikati na ngozi yake ni nyembamba, haitakuwa tena na nguvu ya ngozi ya asili, kwa hiyo akienda maweni anafungwa kitambaa kinene mguu ule. Mzigo wake umepunguzwa. Ami anabishana nami kuhusu mzigo huo, naye ana haki ya kubishana, punda ni wake.

Kabla vuli haijaingia daktari atarudi kumpa dawa ya minyoo Kiberiti, Tausi na punda wa jirani, kwani nzi hawajui banda la nani ni lipi. Nimemwomba sheha awaite wenye punda wote wa shehia siku hiyo. Aliye karibu nasi na ana punda mwenye kidonda kilichogoma, amlete, aje na mwenzake ili asihangaike, na asubuhi ile asimpake kitu chochote, ili kidonda kionekane chenyewe.